Soko Kabla ya Orodha: Karne Nne za Hisa Kuuzika na Kudoda

Tarehe 16 Machi 1830 soko la hisa la New York lilifunguliwa kama siku zote. Majina ya dhamana yalisomwa moja baada ya jingine, na kila jina liliposomwa, dalali aliyekuwa na oda alitaja bei yake. Hadi soko linafungwa zilikuwa zimeuzwa hisa 31 tu. Katika historia yote ya soko hilo, hakuna siku nyingine iliyouza kidogo namna hiyo. Orodha ilikuwapo, kanuni zilikuwapo na madalali walikuwapo. Waliokosekana ni wanunuzi.

Msomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Kigali haoni ajabu katika habari hii. Katika masoko yetu zipo kampuni zenye majina makubwa, zinazotoa gawio kila mwaka, ambazo hisa zake huweza kumaliza wiki nzima bila hata moja kuuzwa. Mwenye hisa ni tajiri kwenye karatasi, lakini siku mtoto anapotakiwa ada ya shule, utajiri ule haumfai kitu.

Wepesi huo wa kuigeuza hisa kuwa fedha ndio ukwasi. Hisa ina ukwasi ikiwa unaweza kuiuza leo, kwa bei isiyopishana sana na ya jana, bila oda yako mwenyewe kuiangusha bei hiyo. Gunia la mahindi lina ukwasi kuliko shamba lililoyazaa, ingawa shamba ndilo lenye thamani kubwa.

Wengi hudhani kampuni ikishaorodheshwa sokoni, ukwasi hufuata wenyewe. Historia ya karne nne inasema vingine. Katika miji iliyozaa masoko ya hisa, watu walianza kuuziana, kisha wakajenga soko, na orodha ikaja mwisho kabisa ili kuchuja nani aingie na nani abaki nje. Kwetu Afrika Mashariki, ukiacha Nairobi, mpangilio uligeuzwa: serikali ilitunga sheria, ikaanzisha soko, ikaorodhesha kampuni, kisha ikakaa kusubiri wauzaji na wanunuzi. Tofauti hiyo inaeleza mengi ya yale tunayoyaona leo.

Amsterdam: hisa zilizofungiwa

Machi 1602 Uholanzi iliipa hati kampuni yake ya India Mashariki, maarufu kwa herufi za VOC. Agosti mwaka huo daftari la wachangiaji lilikuwa wazi Amsterdam, nyumbani kwa Dirck van Os, mmoja wa wakurugenzi. Katika tawi la Amsterdam peke yake waliandikishwa watu 1,143. Hawakuwa wafanyabiashara wakubwa tu. Mtumishi wa ndani wa nyumba hiyohiyo, Neeltgen Cornelis, aliandikisha guilda 100. Mtaji wa matawi yote sita ulifika takriban guilda milioni 6.4.

Hati iliahidi kwamba hesabu zingefungwa baada ya miaka kumi na kila mtu angechukua chake. Miaka hiyo ilipotimia, mwaka 1612, hesabu hazikufungwa. Meli, ngome na vita vya Asia vilihitaji fedha zisizoondoka, na wakubwa wa kampuni wakazishikilia. Mwenye hisa aliyetaka fedha zake akabakiwa na njia moja tu: kumtafuta mtu wa kumwuzia.

Bahati yake, njia hiyo ilikuwa imetengenezwa tangu mwanzo. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulieleza kwamba hisa inaweza kuhamishwa kupitia mhasibu wa tawi. Muuzaji na mnunuzi walikwenda ofisini, mhasibu akahakiki kwamba muuzaji kweli anazo hisa anazotaka kuuza, wakurugenzi wawili wakaridhia, kisha hesabu ya mmoja ikapunguzwa na ya mwingine ikaongezwa. Mwenye hisa ni yule aliyeandikwa daftarini. Wahenga wetu walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waholanzi walionyesha upande wa pili wa usemi huo, kwamba mali yenye daftari safi humpata mnunuzi upesi.

Biashara ilichangamka kiasi kwamba mwaka 1609 mfanyabiashara Isaac Le Maire na wenzake waliuza hisa wasizokuwa nazo, wakitarajia bei ianguke ndipo wazinunue kwa bei ya chini na kukabidhi. Mwaka uliofuata mamlaka zikapiga marufuku uuzaji wa namna hiyo. Mwaka 1611 jiji likafungua jengo la soko lililosanifiwa na Hendrick de Keyser, wafanyabiashara wakawa wanakutana mahali pamoja kwa saa zilizopangwa. Joseph de la Vega alipotoa kitabu chake kuhusu soko hilo mwaka 1688, tayari palikuwa na mikataba ya kununua kwa tarehe ya mbele, mikataba ya haki ya kununua au kuuza, na vipande vidogo vya hisa kwa ajili ya wenye mifuko midogo.

Katika habari yote hii hakuna mahali ambapo VOC iliomba kuorodheshwa. Ukwasi wake ulitokana na mambo manne: wenye hisa walikuwa wengi, mtaji haukuweza kurudishwa na kampuni yenyewe, uhamishaji ulikuwa rahisi na wa kuaminika, na wanunuzi walijua wapi na saa ngapi wangewakuta wauzaji. Kila soko lililofanikiwa baadaye lilikuwa na mambo hayo manne, au liliyatafuta kwa jasho.

London: bei mbili kwa pumzi moja

Mjini London biashara ya hisa ilikulia katika migahawa ya kahawa ya kichochoro cha Exchange Alley, hasa mgahawa wa Jonathan's. Mwaka 1698 John Castaing alikuwa akitoa karatasi ya bei za hisa na bidhaa. Karatasi ile haikumpa mtu cheo wala kibali; kazi yake ilikuwa kumjulisha aliye mbali kwamba jana fulani aliuza kwa kiasi gani. Bei ikijulikana, anayetaka kununua haogopi sana kupunjwa, na asiyeogopa kupunjwa hununua.

Mwaka 1720 Uingereza ilijifunza kwamba ukwasi nao una hatari zake. Hisa za South Sea Company zilipanda hadi karibu pauni 1,000, kisha zikaporomoka hadi chini ya pauni 200 kabla mwaka haujaisha. Zilikuwa zikiuzika kila saa, kupanda na kushuka, na wepesi huo ndio uliowapofusha watu. Ukwasi hukwambia kwamba unaweza kutoka. Haukwambii kama ulichoingia nacho kina thamani.

Madalali walipata jengo lao mwaka 1773, na mwaka 1801 soko likawa rasmi, lenye wanachama na ada. Humo ndimo ilimokomaa kazi ambayo masoko yetu bado yanaitafuta: kazi ya mfanyabiashara aliyesimama sokoni akinunua na kuuza kwa fedha zake mwenyewe. Dalali alimwendea na kumwuliza bei ya hisa fulani bila kumwambia kama anataka kununua au kuuza. Naye, asijue, alilazimika kutaja bei mbili kwa pumzi moja: ya kununulia na ya kuuzia. Akizitenganisha mno, dalali alikwenda kwa mwenzake wa jirani. Ushindani ule ndio uliobana pengo kati ya bei hizo mbili. Utaratibu huo wa London uliishi hadi Oktoba 1986, mageuzi makubwa yalipoufuta na kuruhusu kampuni moja kuwa dalali na mfanyabiashara kwa wakati mmoja.

Pengo hilo ndicho kipimo cha karibu zaidi cha ukwasi. Tuseme kwenye ubao wa oda mnunuzi wa juu kabisa anatoa shilingi 480, na muuzaji wa chini kabisa anataka 520. Ukinunua sasa hivi kwa 520 na shida ikakubana saa hiyohiyo, utauza kwa 480. Umeshapoteza shilingi 40, karibu asilimia 8, kabla ya kamisheni, na kampuni yenyewe haijafanya kosa lolote. Mwaka 1986 wachumi Yakov Amihud na Haim Mendelson walionyesha kwa takwimu za soko la New York kwamba wawekezaji hudai faida kubwa zaidi katika hisa zenye pengo kubwa. Maana yake, kampuni yenye hisa zisizouzika hulipa zaidi kupata mtaji. Ukwasi ni jambo la mwenye kampuni pia, si la mnunuzi wa mtaani peke yake.

New York: orodha yapata meno

Soko la New York hutaja kuzaliwa kwake kuwa tarehe 17 Mei 1792, siku madalali 24 walipotia saini mkataba wa kutotoza kamisheni chini ya robo ya asilimia moja na kupeana kipaumbele wao kwa wao. Mwaka 1817 wakawa chama rasmi chenye kanuni. Miaka 13 baadaye ndipo ilipokuja siku ile ya hisa 31.

Kilichobadilisha hali kilikuwa reli. Mwaka huohuo wa 1830 hisa za reli ya Mohawk and Hudson ziliingia sokoni, na baada yake zikafuata kampuni za reli zilizohitaji mitaji mikubwa kuliko uwezo wa ukoo wowote wa matajiri. Hisa zikatawanyika kwa maelfu ya watu. Mwaka 1867 mashine ya kuchapa bei kwa nguvu ya telegrafu, aliyoibuni Edward Calahan, ilianza kutumika, na mtu aliye mbali na ukumbi akaweza kuona bei iliyofikiwa muda mfupi uliopita.

Hata hivyo ukwasi ule ulitiwa najisi na waliokuwa wakichapisha hisa kwa siri. Katika vita ya kugombea reli ya Erie mwaka 1868, wakurugenzi walitoa hisa mpya kwa wingi ili kumshinda Cornelius Vanderbilt, na mnunuzi hakuweza kujua kampuni ina hisa ngapi. Kufikia 1869 soko lilikuwa linadai kampuni zisajili hisa zake na zitoe taarifa kabla ya kuongeza nyingine. Hapo orodha ikaanza kuwa na meno. Kuorodheshwa kukawa ahadi kwa mnunuzi kwamba anachonunua kinahesabika na hakitaongezwa gizani. Baada ya mporomoko wa 1929, sheria za 1933 na 1934 ziliigeuza sehemu kubwa ya ahadi hiyo kuwa wajibu wa kisheria.

Tarehe 15 Desemba 1886 soko la New York liliuza hisa zaidi ya milioni moja kwa siku moja, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa miaka 56 tangu siku ya hisa 31. Wanaoyakatia tamaa masoko machanga wakumbuke muda huo. Wakumbuke pia kwamba miaka yenyewe haikuleta kitu; kilicholeta ukwasi ni kampuni zilizohitaji umma, habari zilizosafiri haraka na kanuni zilizoumiza walaghai.

Mwaka 1971 likatokea jambo lililotikisa heshima ya orodha kongwe. Tarehe 8 Februari mfumo wa Nasdaq ulianza kuonyesha kwenye kompyuta bei za wafanyabiashara wa hisa ambazo hazikuwa katika masoko rasmi. Haukuwa soko la hisa kisheria. Hadhi hiyo uliipata mwaka 2006. Lakini Intel ilianzia humo mwaka 1971, Apple mwaka 1980 na Microsoft mwaka 1986, nazo zikabaki humo hata zilipokuwa na uwezo wa kuhamia soko kongwe. Zilichokitaka ni wafanyabiashara kadhaa wa kutaja bei kila siku, na pale ziliwapata. Nasdaq nayo ilikuwa na aibu yake: mwaka 1994 watafiti William Christie na Paul Schultz walionyesha kwamba wafanyabiashara wengi walikuwa wakikwepa kutaja bei za nusu ya robo dola, hivyo pengo likabaki pana na mteja akalipia. Bei za Marekani zilihamia kwenye senti mwaka 2001, na mapengo yakazidi kubanwa.

Kuwait: ukwasi usio na orodha

Mfano unaotenganisha mambo haya mawili kwa ukali zaidi unatoka Ghuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kuwait ilikuwa na soko rasmi, lenye kanuni kali na kampuni chache. Wenye fedha za mafuta wakaona ni dogo mno. Wakahamia Souk al-Manakh, katika jengo lililokuwa limejengwa kwa ajili ya kuegesha magari. Humo walinunua na kuuza hisa za kampuni zilizosajiliwa Bahrain na kwingineko katika Ghuba, nyingi zikiwa hazina mali ya maana, na hazikuruhusiwa katika soko rasmi.

Walilipana kwa hundi za tarehe za mbele. Mtu alinunua leo, akaandika hundi ya mwaka ujao, akategemea bei ipande ili auze na kuilipia. Kwa muda hisa zile zisizo na orodha ziliuzika kuliko nyingi zilizokuwa nayo. Mwaka 1982 mwenye hundi mmoja baada ya mwingine alipotaka fedha zake, ikagundulika kwamba zimeandikwa hundi za jumla ya dola za Marekani zipatazo bilioni 90. Kuwait ilichukua miaka mingi kusafisha hasara zile.

Methali yetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Souk al-Manakh ilikuwa kinyume chake kabisa: kibaya kilijiuza mno. Orodha yenye kanuni, basi, ina kazi yake. Haileti wanunuzi, ila huwalinda waliokuja.

Nairobi: soko la wachache, kisha la wengi

Nairobi watu walianza kuuziana hisa katika miaka ya 1920, bila ukumbi, kwa makubaliano ya kiungwana kwamba kila mmoja atatimiza neno lake. Mwaka 1951 Francis Drummond alianzisha kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa kama kazi kamili. Mwaka 1954 Soko la Hisa la Nairobi likasajiliwa kama chama cha hiari cha madalali, baada ya soko la London kulitambua. Madalali walikutana kwenye kahawa katika hoteli ya New Stanley na kupatana bei.

Kwa sura ya nje hiyo ilifanana na London ya Exchange Alley. Tofauti ilikuwa kwamba Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza dhamana mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Soko lililowafungia nje wengi wa wakazi wa nchi lisingeweza kuwa na ukwasi, hata orodha yake ingekuwa ndefu kiasi gani.

Baada ya uhuru soko hilo lilihudumia pia kampuni za Tanganyika na Uganda. Azimio la Arusha la 1967, utaifishaji wa Uganda katika miaka ya 1970 na udhibiti wa fedha za kigeni viliziondoa. Uhai mpya ulianza mwaka 1988, serikali ya Kenya ilipouza asilimia 20 ya Benki ya Biashara ya Kenya (KCB). Mwaka 1996 Shirika la Ndege la Kenya liliuzwa kwa umma na kupata wenye hisa zaidi ya 110,000. Mwaka 2006 kelele za ukumbini zilipisha biashara ya kompyuta, na mwaka huohuo uuzaji wa kampuni ya umeme ya KenGen ukawavuta sokoni watu wa kila aina.

Kilele kilikuwa kampuni ya simu ya Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja, na zaidi ya watu 800,000 wakaomba. Wengine walikopa ili waombe. Oda zilizidi hisa mara nyingi, kila mtu akagawiwa kidogo, na ilipoorodheshwa tarehe 9 Juni bei ilianza vizuri. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5, na wengi wakaapa kutorudi tena.

Lakini jambo moja husahaulika katika malalamiko yale. Hata siku mbaya kuliko zote, aliyetaka kuuza Safaricom aliuza. Alipata hasara, ila alitoka. Sababu ni ileile ya Amsterdam: robo nzima ya kampuni ilikuwa mikononi mwa umma, imegawanyika kwa mamia ya maelfu ya watu, na taasisi za ndani na za nje zilikuwa tayari kutaja bei. Kwa upande mwingine, Nairobi ilishuhudia pia kwamba kuorodheshwa hakumhakikishii mtu siku ya kutoka. Hisa za Shirika la Ndege la Kenya zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020, serikali ilipokuwa na mpango wa kulitaifisha, na zilirudi sokoni Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu kampuni ilikuwa kwenye orodha, na wenye hisa hawakuweza kuuza hata moja.

Dar es Salaam: mwenye wingi hauzi

Tanzania ilianza kwa sheria. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitungwa mwaka 1994, Soko la Hisa Dar es Salaam likasajiliwa mwaka 1996, na biashara ikaanza tarehe 15 Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL, ya kutengeneza gesi za viwandani. Kampuni ya bia, TBL, ikafuata Septemba mwaka huo. Kisha zikaja chai, sigara, saruji na huduma za uwanja wa ndege. Nyingi zilikuwa mashirika ya umma yaliyobinafsishwa, na humo ndimo lilimo fundo lenyewe.

Katika ubinafsishaji, hisa nyingi zilikwenda kwa mwekezaji mkuu kutoka nje, sehemu ikabaki serikalini, na kilichosalia kikauzwa kwa umma. Kampuni ya sigara, kwa mfano, ina mmiliki mmoja wa asilimia 75. Mmiliki wa namna hiyo hauzi. Amekuja kuendesha kiwanda. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo hununua na kukaa nazo miaka, kwa kuwa inatafuta gawio la kuwalipa wastaafu. Mwananchi aliyenunua chache huziweka kabatini awarithishe watoto. Ukitoa mafungu hayo matatu, hisa zinazozunguka ni kiganja tu. Kampuni ni nzuri, gawio ni nono, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeuza. Wageni, ambao wangeongeza oda, hawakuruhusiwa hadi 2003, na hata hapo waliwekewa kikomo kilichoondolewa mwaka 2014.

Linganisha na benki mbili. NMB iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na CRDB ikaingia sokoni Juni 2009 kwa shilingi 150. CRDB hasa ilikuwa na wenye hisa wengi wadogo na vyama vya ushirika tangu ilipobinafsishwa miaka ya 1990. Hizi mbili zimekuwa miongoni mwa hisa zinazouzwa kwa wingi kuliko nyingine Dar es Salaam. Zimo katika orodha ileile, chini ya kanuni zilezile na madalali walewale. Kinachozitofautisha ni nani anazishika na wako wangapi.

Dawa nyingine iliyojaribiwa ni kuorodhesha kampuni moja katika masoko mawili au matatu. Shirika la Ndege la Kenya, Kampuni ya Bia ya Afrika Mashariki, KCB na nyingine za Nairobi ziliandikishwa pia Dar es Salaam na Kampala. Mwaka 2011 African Barrick Gold, iliyokuwa London, iliandikishwa Dar es Salaam kwa kuwa migodi yake ilikuwa Tanzania. Orodha zikarefuka, takwimu za thamani ya soko zikavimba, na biashara ikabaki kule ilikotoka. Mwenye hisa ya Nairobi atauza wapi kama si Nairobi, ambako wanunuzi wamejaa? Ukwasi huvuta ukwasi, na soko changa halishindani na kongwe kwa kunakili jina la kampuni peke yake. Acacia, jina jipya la African Barrick, iliondoka kabisa mwaka 2019 ilipomezwa na Barrick.

Kuorodheshwa kwa amri

Hatua ya mwisho ya kugeuza mpangilio ilikuwa kuzilazimisha kampuni. Sheria ya Tanzania ya mawasiliano ya 2010, ikitiliwa nguvu na Sheria ya Fedha ya 2016, ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom Tanzania ilianza Machi 2017, hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla ya shilingi bilioni 476. Hakukuwa na uuzaji wa ukubwa huo nchini kabla yake. Wananchi waliitikia kwa maelfu, lakini fedha hazikutosha. Muda ukaongezwa na wageni wakaruhusiwa. Iliorodheshwa Agosti 2017. Kisha bei ikashuka chini ya 850 na kubaki huko kwa miaka, na kwa vipindi virefu haikutikisika, kwa kuwa wengi wa wauzaji hawakutaka kukubali hasara na wanunuzi hawakutaka kupandisha dau. Kwenye ubao bei isiyotikisika huonekana kama utulivu, kumbe mara nyingi ni dalili kwamba hakuna biashara.

Uganda ilipita njia hiyohiyo. Soko lake lilifunguliwa mwaka 1998 kwa hatifungani ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na hisa ya kwanza, ya Uganda Clays, ikaja mwaka 2000. Masharti ya leseni yaliitaka kila kampuni kubwa ya simu iuze asilimia 20. MTN Uganda iliuza mwaka 2021 na kupata wanunuzi wa takriban asilimia 65 ya hisa zilizotolewa. Airtel Uganda ilifuata mwaka 2023 na kupata wa zaidi kidogo ya nusu. Rwanda, iliyozindua soko lake Januari 2011 kwa hisa za kampuni ya bia ya Bralirwa, bado ina kampuni za kuhesabika kwa vidole. Kongo, yenye shaba na kobalti ya kulisha viwanda vya dunia, haina soko la hisa Kinshasa. Mwenye kutaka hisa za Ivanhoe, mbia katika mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, huzinunua Toronto.

Amri hizi zilikuwa na nia njema ya kuwashirikisha wananchi katika utajiri wa simu zao. Kasoro yake ni kumwaga sokoni, kwa siku moja, hisa nyingi kuliko akiba ya watu, tena kwa bei iliyopangwa na wataalamu kabla mnunuzi hajaulizwa. New York ya 1830 ilisubiri reli ije na mahitaji yake ya mtaji. Sisi tulileta kampuni ambayo haikuhitaji mtaji wala haikutaka wenye hisa wapya, kisha tukashangaa kwa nini haijali kama hisa zake zinauzika.

La kufanya

Zipo dalili njema. Hisa sasa zinanunuliwa kwa simu Dar es Salaam, na Agosti 2025 Nairobi iliondoa sharti la kununua kuanzia hisa 100, mtu akaweza kununua hata moja. Ndivyo walivyofanya Waholanzi wa karne ya 17 walipokata hisa vipande vidogo. Lakini udogo wa kipande hausaidii ikiwa hakuna anayeuza. Serikali na mifuko ya hifadhi ya jamii, wenye hisa zilizolala, wanaweza kuzitoa kidogo kidogo, kila mwaka fungu dogo, badala ya tamasha moja la mauzo linaloacha watu na madeni. Wanaosimamia masoko wanaweza kuwapa madalali wenye mitaji nafuu ya ada kwa sharti kwamba wataje bei mbili kila siku, kama wale wa London. Na kampuni yenye hisa chache mno mikononi mwa umma iambiwe ukweli: ama iongeze, ama iwalipe wenye hisa wadogo bei ya haki na iondoke kwenye orodha.

Nawe msomaji, kabla ya kununua hisa yoyote usiishie kuuliza kama kampuni imeorodheshwa. Uliza ni ngapi ziliuzwa jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita. Tazama pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Uliza ni asilimia ngapi iko kwa umma na nani anashika iliyobaki. Majibu yakiwa mabaya, si lazima uache kununua. Gawio zuri linaweza kukutosha. Ila basi tia humo fedha ambazo hutazihitaji kwa miaka mingi, wala usizihesabu kuwa akiba ya dharura.

Orodha inampa mnunuzi ulinzi na habari, na hayo si haba. Mnunuzi wa pili, yule utakayemwuzia wewe siku ya shida, haletwi na orodha.